Jaribio la Tano

Mama yake Lwitiko alikuwa amejificha nyuma ya kabati la betri katika karakana yangu, kitenge kimemfunika uso mzima, na alikataa kutoka mpaka mwanawe aondoke.

"Mwambie mimi ni mwanawe," Lwitiko aliniambia.

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena, fundi. Labda hakusikia."

"Amesikia. Nenda kasimame barazani."

Lwitiko ni mkulima wa parachichi, mrefu, mwenye mabega ya kubebea magunia. Alitoka kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mlango ulipofungwa, kitenge kikashuka taratibu na macho mawili yakanitazama. Mwanamke wa karibu miaka sabini akapiga goti mbele yangu, mimi ninayelingana na mwanawe.

"Shikamoo, mama," akasema.

Ungefanya nini? Niliitikia marahaba. Kichwani mwake alikuwa msichana wa miaka ishirini aliyeolewa juzi, na mimi nilikuwa mama wa makamo mwenye koti jeupe.

"Yule mzee ameondoka?" aliuliza.

"Mzee yupi, Tupokigwe?"

Alichongoa midomo kuelekea mlangoni. "Baba yake mume wangu. Mbona mmemleta humu? Mkamwana na baba mkwe chumba kimoja, watu watasemaje?"

Hapo nikaelewa kwa nini anakimbia. Mtu yeyote wa Rungwe mwenye umri wangu angeelewa. Zamani mwanamke aliyeolewa hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaingia kwenye migomba. Jina lake halitamki, si mbele za watu, si peke yake. Nyumba nyingi ziliacha mila hiyo kabla mimi sijazaliwa. Nyumba aliyoolewa Tupokigwe haikuiacha.

Na Lwitiko, kila mtu Tukuyu anasema, ni babu yake mtupu. Paji lile lile, urefu ule ule, hata kikohozi.

Nilimkalisha kwenye kiti cha huduma, nikamtengenezea chai ya tangawizi, nikaanza kufungua kilemba chake.

* * *

Kilemba kilikuwa kizuri, cha bluu, chenye nyuzi zinazonasa jua. Kazi yake ni kulisha kikumbushi, kidude kidogo kinachokaa nyuma ya sikio. Watu wengi wenye ugonjwa wa Tupokigwe wanacho sasa. Ugonjwa wenyewe unakula kumbukumbu kuanzia za jana kurudi nyuma, kama panya anayeanza na gunia la juu. Kikumbushi kinashika kila kinacholiwa na kukirudisha kinapohitajika. Ukikaa na mtu mwenye kikumbushi kinachofanya kazi, hutajua kwamba anaumwa. Tupokigwe alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na alikuwa akigombana na mabwana shamba mpaka wanaomba msamaha.

Tatizo la Tukuyu ni mawingu. Mvua ikishika, jua linasahaulika. Chaja ya nyumbani iliharibika, Lwitiko akadhani kilemba kinatosha, kikumbushi kikazimika kabisa. Asubuhi mama yake alimkuta jikoni anachochea moto, akapiga ukelele, akakimbilia nyumba ya jirani.

Kikumbushi kilichozimika, hata kikipata umeme tena, hakiwaki kama taa. Kinaanza na sehemu ndogo tu, sehemu isiyojua jina la mtu wala siku ya leo. Kumbukumbu zenyewe ziko kwenye diski iliyosimbwa. Ukiichukua na kuisoma kwa mashine nyingine utaona takataka. Ile sehemu ndogo ina kazi moja: inauliza, "Sema neno lako," na kusubiri nenosiri. Haijali sauti ni ya nani, inajali maneno. Ukipatia, diski inafunguka na hesabu ya makosa inarudi sifuri. Ukikosea, inauliza tena. Ukikosea mara ya tano, inaunguza ufunguo. Baada ya hapo hata mimi, hata waliokitengeneza, hata mahakama, hakuna anayeweza kuifungua.

Watu hunilaumu mimi kwa sheria hiyo. Vikumbushi vya kwanza havikuwa na kikomo. Unakosea, kinakuuliza tena, mpaka kesho. Ndugu walikaa na vikumbushi vya wazazi wao mezani, wakajaribu neno moja baada ya jingine, majina ya ng'ombe, majina ya wachumba wa zamani, mpaka kichwa cha mtu kikafunguka kama sufuria. Nimewahi kumhudumia mzee ambaye watoto wake walimsoma hivyo. Hakuwahi kuwatazama tena usoni.

Nilichomeka skrini yangu kwenye kikumbushi cha Tupokigwe, nikaziba kipaza sauti kwa utepe kisidake neno lolote. Majaribio manne yalikuwa yamekosewa. Limebaki moja.

Nilikwenda mlangoni.

"Lwitiko, nani amejaribu?"

"Mimi mara mbili." Alikuwa anakamua maji kwenye kofia. "Nilisema jina langu. Nilijua mama atakuwa amechagua jina langu."

"Kila kifungua mimba anasema hivyo. La pili?"

"La marehemu baba."

"Na mengine mawili?"

"Yeye mwenyewe, kwa jirani. Kidude kilimuuliza, akakijibu. Sijui alisema nini, mimi nilikuwa nimefukuzwa."

Nilirudi kwa Tupokigwe. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na kukikodolea macho kikumbushi mezani.

"Hicho kitu hakina adabu," aliniambia.

"Kimefanya nini?"

"Kinataka nitaje jina la mtu."

"La nani?"

Midomo ikaelekea dirishani, upande wa juu, kilimani. Akashusha sauti. "La yule mwenye nyumba ya juu. Nimekijibu kwa heshima, mwenye nyumba ya juu, mwenye nyumba ya juu. Kimekataa mara zote mbili."

Wagonjwa wetu hawaachwi na nenosiri hivi hivi. Kabla kikumbushi hakijafungwa, wanafundishwa miezi mingi: wakisikia swali, wajibu, wakiwa wamechoka, wakiwa na homa, mpaka jibu linazama mahali ambapo ugonjwa huchelewa kufika. Kwa hiyo msichana huyu hakujua kikumbushi ni nini, hakujua ana mtoto, lakini alijua barabara jina gani linatakiwa. Na ni jina pekee duniani ambalo hakuwa tayari kulitoa mdomoni.

Nilimwazia yule mwanamke mzima, mwenyekiti, siku alipochagua. Alitafuta neno ambalo hakuna mtu wa nyumba yake angemdhania. Akalipata. Alilifanyia mazoezi peke yake, mlango umefungwa, mimi mwenyewe ndiye niliyetoka nje kumpisha. Hakufikiria kwamba siku ya kulihitaji, atakayesimama mlangoni ni yule msichana. Mimi pia sikufikiria. Kikumbushi chake hakikuwahi kuzimika tangu afungiwe, na kitu kisichojaribiwa hukuangusha siku unapokihitaji.

"Ni babu!" Lwitiko alikuwa amesukuma mlango. Alisikia kila kitu. "Ni jina la babu! Fundi, mimi nalijua, andika..."

Tupokigwe aliangusha kikombe na kujitupa nyuma ya kabati. Nilivuka chumba, nikamziba Lwitiko mdomo kwa kiganja, nikamsukuma mpaka barazani.

* * *

"Umeniziba mdomo," alisema, kama mtu asiyeamini.

"Na nitakuziba tena. Usilitaje."

"Ni jina la babu yangu mwenyewe! Limeandikwa kaburini!"

"Babu yako alikuwa na majina mangapi?"

Akasita. "La ubatizo. La ukoo. Na lile walilomwita kwenye ngoma."

"Mama yako alichagua lipi?"

Mvua ilipiga bati. Alianza kuyahesabu kwa vidole, akaishia njiani.

"Una nafasi moja," nikamwambia. "Ukikosea, hutapata mama. Utabaki na msichana anayekukimbia mpaka siku utakayomzika."

"Basi kata waya."

Nilijua atafika hapo. Ndani ya kikumbushi kuna waya mwembamba kuliko unywele, unaopeleka moto wa kuunguza ufunguo. Ukikatwa, unaweza kukosea mara elfu. Mafundi wote tunajua, na wateja wote wana shemeji aliyewahi kusikia. Waya huo ukishakatwa hauungiki.

"Ukikata," aliendelea, "tunajaribu majina yote matatu, tunayachanganya, tunayageuza, tutapata tu. Leo leo. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Mimi nitajua. Diski itakuwa wazi kwa yeyote atakayekishika."

"Mimi si mwizi, fundi."

"Sijasema wewe ni mwizi. Umemleta mgongoni kwenye tope hili, umemfunika kitenge asikuone, nimeona viatu vyako. Mwizi hafanyi hivyo."

Akakaa kwenye benchi. Aliponena tena, sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nikuulize. Unamlindia siri nani? Mama aliyeweka hiyo siri hayupo. Yule mle ndani hajui kama kuna siri. Leo asubuhi nimempelekea uji kwa jirani, amegeukia ukuta. Nimeuacha mlangoni kama mtu anayelisha paka. Siri ya mtu ambaye hayupo ina thamani gani, mbele ya hilo?"

Mtu asije akadhani kwamba kanuni zilinisaidia. Nilisimama barazani nikipima. Nina watoto watatu. Ninawapenda, nimewalea kwa mikono hii, na hakuna hata mmoja ningempa ufunguo wa kichwa changu. Si kwamba nimeua mtu. Kuna siku niliwachoka. Kuna mambo nilimwambia baba yao, na mambo aliyoniambia. Mtoto hapaswi kukutana na mama yake akiwa amelala chali namna hiyo. Lakini nikawaza pia: kama mimi ndiye ningekuwa ninamkimbia binti yangu, je, nisingesema kateni, someni yote, ilimradi nimtambue?

Ningesema. Nadhani ningesema. Ila ningetaka kuulizwa.

"Nitamuuliza mwenyewe," nikasema.

"Mwenyewe yupi?"

"Aliyepo."

* * *

Nilifunga mlango kwa komeo, nikaketi sakafuni kando ya kabati, kwa sababu hakutaka kutoka.

"Tupokigwe, nitakuambia mambo mazito. Sitakudanganya."

"Sawa, mama."

"Wewe ni mgonjwa. Unadhani umeolewa juzi. Umeolewa zamani sana. Yule mwanaume wa nje si baba mkwe wako. Ni mwanao. Amefanana na babu yake."

Alitazama mikono yake, akaigeuza juu chini.

"Nilidhani ni baridi," alisema. "Nikasema mbona ngozi imekunjamana, ni baridi ya asubuhi." Kisha, "Mume wangu je?"

Ningeweza kusema yuko shambani. Wauguzi wanasema hivyo kila siku na siwalaumu.

"Alifariki. Mliishi pamoja miaka mingi."

Alilia kwa sauti ndogo, kama bibi harusi ambaye hataki ukweni wamsikie. Sikumgusa mpaka aliponisogelea. Alimlilia mume ambaye alikuwa bado hajamzoea, akaniambia katikati ya machozi kwamba walikuwa wameongea vizuri mara moja tu, kuhusu mbwa.

Alipotulia nikamweleza kikumbushi. Nikamwambia kwamba mwanamke aliyekuja kuwa yeye ameweka maisha yake yote mle na kuyafunga kwa lile jina. Likitolewa sawasawa, yatarudi, mazuri na misiba. Likikosewa, yatapotea.

"Yeye mwenyewe alilichagua? Jina la mwenye nyumba ya juu?"

"Yeye mwenyewe."

Akafuta pua kwa kitenge. "Uzee umemharibu. Hana haya."

Nilicheka, na yeye akatabasamu kidogo.

"Na nikikataa?"

"Nitakukaushia viatu, nitamwita mwanao, nitamwambia umekataa. Atakasirika na mimi. Wewe hatakufanya kitu, ni mtu mwema."

"Kuna njia nyingine?"

Nikamwambia habari ya waya. Nilimwambia kama nilivyomwambia Lwitiko, bila kupamba: kwamba nikiukata hatari inakwisha, na kwamba baadaye mtu yeyote mvumilivu anaweza kuingia.

"Huyo mwanamke anaficha nini mle?"

"Sijui. Maana ya kuficha ndiyo hiyo."

Akafikiri. "Mimi mwenyewe nina mambo ambayo mama yangu hayajui," alisema. "Na nina miaka ishirini tu. Yeye atakuwa na shehena. Usikate."

"Itabidi ulitoe jina basi."

"Kulitamka siwezi, mama. Hata ukinichapa."

"Huwezi au hutaki?"

"Koo linafunga. Nilijaribu kwa jirani, mara ya pili. Nilitaka kweli. Likatoka lile lingine."

Nilimwamini. Nimeona mikono isiyokubali kuvua pete, na miguu isiyokubali kukanyaga kaburi. Nikaguna, nikainuka, nikaanza kupekua droo za chini. Vikumbushi havina vitufe, wazee wengi vidole vinatetemeka, ndiyo maana vinauliza kwa sauti. Lakini kila kimoja kina tundu la fundi. Nilipata kibodi ya zamani, herufi nusu zimefutika, nikaipangusa kwa koti, nikaichomeka.

"Mila inasema usitamke," nikamwambia. "Inasema usiandike?"

Alikunja uso. Hilo hakuwahi kuulizwa na mtu.

"Kwenye simu yangu," alisema polepole, "namba yake nimeiandika kwa jina lake. Mume wangu aliona, akacheka, akasema hiyo si mdomo."

"Basi."

"Nikikosea herufi moja?"

"Itakuwa umekosea. Itaungua."

"Wewe utanisomea kama nimepatia?"

Hapo ndipo nilipopata shida kuliko barazani. Macho yangu mawili juu ya skrini yangeweza kumwokoa. Pia yangelijua jina, na ningelijua mpaka kufa. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akatazama kibodi, akanitazama mimi.

"Geuka," alisema.

Niligeuka. Nilitazama ukuta wenye kalenda ya kampeni ya chanjo na kusikia kitufe kimoja kimoja. Anabonyeza, anasimama, ananong'ona kitu, anabonyeza. Mara moja alirudi nyuma, nikajua kwa sababu kitufe cha kufuta kina mlio mzito. Barazani Lwitiko alikohoa na vitufe vikanyamaza. Nilingoja Tupokigwe akimbie. Hakukimbia. Vitufe vikaendelea.

"Nimemaliza," alisema. "Mama?"

"Naam."

"Nikibonyeza hiki cha mwisho, mimi nakwenda wapi?"

Nilitaka kugeuka. Sikugeuka.

"Huendi popote. Umo ndani yake. Yeye ndiye alikuwa anakosekana."

"Haya," alisema, na kwa sauti ya msichana anayeingia nyumba ya watu, "hodi."

Akabonyeza.

* * *

Diski ya miaka mingi haifunguki kwa kufumba na kufumbua. Nilimvalisha kikumbushi nyuma ya sikio, nikamfunga kilemba, nikakaa mbele yake. Alikuwa amefumba macho. Kope zilicheza. Kisha mabega yakashuka, mgongo ukanyooka, na mdomo ukakaa ule mkao ninaoufahamu, wa mtu anayetaka kujua nani amechelewesha mkutano.

"Sekela," aliniita kwa jina. "Mbona nimelia?"

"Umeambiwa habari za marehemu mume wako. Upya."

Aliupitisha msiba wake kwa mara nyingine. Halafu akaona kibodi mezani, akaona kikombe kilichovunjika, akaanza kuunganisha. Ana akili ya haraka.

"Umeona nilichoandika?"

"Sikuona."

"Lwitiko?"

"Nilimziba mdomo."

Alitikisa kichwa, hajui acheke au aone aibu. "Nitabadilisha neno leo hii, kabla sijatoka. Nilichagua kama mtu atakayekuwepo siku zote. Kumbe siku ya kazi anabaki yule msichana peke yake." Akaegemea mbele. "Wewe umekaa naye. Nataka neno ambalo yeye hataona haya kulisema. Alikuwaje? Mimi simkumbuki vizuri, mtu hajioni."

"Ana adabu kuliko wewe," nilimwambia. "Alisema uzee umekuharibu, huna haya."

Tupokigwe alicheka. Si kicheko cha heshima. Kilikuwa kile kicheko chake cha mikutanoni, cha kupiga paja, na kilitoka nje ya ukuta wa mbao bila kuomba ruhusa. Benchi la barazani likagongana na ukuta. Komeo langu halikuwa imara hata siku moja, na Lwitiko alikuwa ndani kabla sijainuka, amesimama anavuja maji, ameinua mikono kama mtu anayeogopa kumtisha kuku.

Mama yake alimtazama juu mpaka chini.

"Lwitiko," alisema, "funga mlango, baridi inaingia."

Akaufunga, yeye akiwa upande wa ndani.